Mitikisiko Minne Usoni, Gumba Halijaulizwa: Uchambuzi wa Kisa cha Ulegevu Uliobaki Baada ya Nusukaputi

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 64, kilo 58, mwenye shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa vidonge. Figo nzuri, moyo mzuri. Ameingia kuondolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo. Kisa ni cha kufundishia: kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia vyumbani mwa upasuaji, si cha mtu mmoja wala hospitali moja. Hakuna aliyekufa, na ndiyo sababu nimekichagua. Visa vya vifo huwa na kosa moja kubwa ambalo kila msomaji huliona na kujiambia kwamba yeye asingelifanya. Hiki hakina. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ni hatua ambayo mtaalamu wa usingizi mwenye uzoefu angeitetea mbele ya wenzake bila kuona haya.

Mezani

Alilazwa kwa propofoli, dawa ya usingizi, na fentanili, dawa ya maumivu, kisha akachomwa rokuroniamu, dawa ya kulegeza misuli, miligramu 50. Kipimo cha kawaida cha kuwekea mrija wa hewa ni miligramu 0.6 kwa kila kilo, ambacho kwa uzito wake ni kama miligramu 35. Alipewa 50 kwa sababu kichupa kina 50. Wanaofanya kazi hii wanajua inavyokuwa: dawa imeshavutwa yote kwenye bomba la sindano, mrija utaingia kwa urahisi zaidi, na upasuaji unatarajiwa kuchukua muda wa kutosha, kwa hiyo ile ziada inahesabiwa kuwa itaishia njiani. Usingizi uliendelezwa kwa gesi ya sevofluraini. Kabla ya kisu alipata antibaotiki, jentamaisini ikiwamo.

Mikono yote miwili ilikuwa imelazwa ubavuni na kufungwa ndani ya shuka ili wapasuaji wapate pa kusimama. Gumba halikuonekana wala kufikika. Basi elektrodi za kichocheo cha neva, kifaa kinachopiga neva kwa umeme mdogo ili kuona misuli inavyojibu, zikabandikwa usoni, kati ya pembe ya jicho na sikio, na kilichotazamwa muda wote ni msuli unaofumba jicho.

Dakika ya 55 mpasuaji alisema tumbo linakaza. Rokuroniamu miligramu 10. Dakika ya 85 lalamiko likawa lile lile, ikaenda 10 nyingine. Dakika ya 120 walikuwa wanashona ngozi. Kichocheo kilipobonyezwa, ukope uliruka mara nne, na kwa jicho la kawaida mruko wa nne ulionekana sawa na wa kwanza. Mgonjwa alikuwa ameanza kuvuta pumzi mwenyewe. Gesi ilikuwa imeshapunguzwa. Akapewa neostigmini miligramu 2.5 ya kuondoa ulegevu, pamoja na atropini 1.2 ili neostigmini isiupunguze mwendo wa moyo. Dakika nne baadaye alikohoa juu ya mrija, akafumbua macho nusu, na mashine ikaandika mililita 380 kwa pumzi moja. Mrija ukatolewa.

Joto la mwili lilikuwa nyuzi 35.2. Limeandikwa kwenye chati, ila hakuna aliyelitaja.

Kitandani, chumba cha uangalizi

Alifika na barakoa ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika, kiwango cha oksijeni kwenye damu kikiwa asilimia 96. Baada ya dakika sita kilikuwa 92, kisha 89. Mapigo ya moyo 108, shinikizo la damu 172/96, pumzi 28 kwa dakika, fupi fupi. Alikuwa anahangaika: mkono unanyanyuka kidogo, unatikisika, unaanguka, kichwa kinataka kuinuka kutoka kwenye mto, kinarudi. Mtaalamu aliyemlaza alikuwa ameshaanza kumwandaa mgonjwa mwingine. Muuguzi akapiga simu.

Jibu la simu lilikuwa lile ambalo wengi wetu tungelitoa. Mama katoka kwenye upasuaji wa tumbo, moyo unakwenda mbio, shinikizo liko juu, anahangaika: ni maumivu. Mpe fentanili maikrogramu 50.

Muuguzi hakuichoma. Sababu zake, kama alivyozieleza baadaye, ni funzo kuliko ukurasa mzima wa kitabu. Mwenye maumivu ya tumbo, alisema, hulinda tumbo. Huweka mkono juu yake, hukunja magoti, na hulalamika, tena kwa sauti. Huyu hakugusa tumbo lake hata mara moja, na hakulalamika kwa sababu hakuwa na sauti ya kulalamikia. Midomo ilikuwa inacheza na hakuna kilichosikika. Mate yalikuwa yamejaa mdomoni yakitokea kwenye kona ya mdomo, na hayamezwi. Kope zilikuwa nusu, huku nyusi zikijitahidi kuzivuta juu. Muuguzi akamwekea vidole viwili kiganjani, akasema, "Mama, nibane mkono, nibane kwa nguvu zako zote." Akabanwa, kisha mbano ukalegea wenyewe kabla ya kuhesabu tatu.

Akapiga simu tena, na safari hii hakueleza dalili, alisema anachokitaka: "Daktari, huyu si maumivu, dawa ya kulegeza haijamtoka. Naomba mtu aje na mashine."

Nini kingine kingeweza kuwa

Kabla ya kumpongeza muuguzi, tutende haki kwa yale mengine yanayoshusha oksijeni dakika kumi baada ya mrija kutolewa, maana kuna hatari ya kuona ulegevu kila mahali ukishaanza kuutafuta. Afyuni iliyobaki, yaani ile fentanili ya mezani, ingepunguza idadi ya pumzi na kubana mboni; huyu alipumua mara 28 na mboni zilikuwa za kawaida. Upasuaji wa matundu hutumia kaboni dayoksaidi kulijaza tumbo, na gesi hiyo ikivuja kuelekea kifuani huweza kuleta hewa nje ya pafu: kifua kilisikilizwa pande zote mbili, hewa inaingia sawa ingawa kidogo. Kukazana kwa koo kungekuwa na mluzi wakati wa kuvuta pumzi. Mzio wa dawa ungekuwa na shinikizo lililoporomoka au ngozi iliyotoka vipele.

Kuna moja ambayo watu huisahau, na mimi ningependa ipewe nafasi yake hapa. Dawa ya kulegeza misuli huweza kubaki ndani ya kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, kwenye mililita ile moja ya plastiki ambayo haikusukumwa kwa maji ya chumvi. Mtu wa wodini akija kuchoma antibaotiki, anaisukuma ile dawa ndani ya mtu aliye macho kabisa. Huyu mama kanula yake haikuguswa tangu alipotoka mezani, kwa hiyo haihusiki. Lakini swali liliulizwa, na lilistahili kuulizwa.

Mapigo ya 108 yanastahili neno pia. Atropini miligramu 1.2 yenyewe hupandisha mapigo. Nayo hufika kileleni upesi, karibu dakika moja, wakati neostigmini huchukua dakika saba hadi kumi. Kwa hiyo moyo unaokwenda mbio baada ya mchanganyiko huo hauthibitishi maumivu, wala hofu, wala chochote kile. Shinikizo la damu ni habari nyingine: kaboni dayoksaidi ikirundikana kwa mtu asiyepumua vya kutosha hulipandisha, na mtu aliye na akili timamu huku mwili haumtii huwa na hofu ambayo sijui jina lake.

Nambari

Mashine ya kupima ulegevu ilikuja. Elektrodi zikabandikwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, juu ya njia ya neva ya ulna, na kihisio kikafungwa kwenye gumba. Kwa mgonjwa aliyelala kabisa mkondo huwa karibu miliampia 50 au 60. Kwa aliye macho hilo linauma, na 30 inatosha kupata uwiano. Aliambiwa kwanza: utahisi mdundo kwenye kidole mara nne, hautakudhuru.

Uwiano ulisomeka 0.48.

Kwa wasiofanya kazi hii: neva hupigwa misukumo minne, mmoja kila nusu sekunde, na msuli hujibu kwa mitikisiko minne. Misuli isiyo na dawa hutoa mitikisiko iliyo sawa. Palipo na rokuroniamu au ndugu zake, mitikisiko hufifia, wa nne ukiwa mdogo kuliko wa kwanza, kwa sababu dawa huziba pia vipokezi vya upande wa neva ambavyo kazi yake ni kuleta asetilikolini zaidi, kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye msuli, karibu na mlango neva inapopigwa mfululizo. Ugawe ukubwa wa wa nne kwa wa kwanza, hiyo ndiyo nambari. Njia hii ilichapishwa na Ali, Utting na Gray wa Liverpool mwaka 1970, na uzuri wake ni kwamba haihitaji kipimo cha kabla ya dawa. Wa kwanza na wa nne wanalinganishwa wao kwa wao.

Mwanzoni 0.7 ilikubalika kuwa inatosha. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Sweden waliwapa watu wazima wenye afya dozi ndogo za dawa hizi wakiwa macho, wakapima kumeza na kupumua. Chini ya 0.9 misuli ya koromeo ilikuwa inakosea mpangilio wake, na vimiminika vikaingia mahali pa hewa. Kwenye 0.7 mwitikio wa kupumua kwa nguvu oksijeni inaposhuka ulikuwa umepungua, kwa kuwa viungo vidogo vya shingoni vinavyohisi oksijeni navyo vinatumia vipokezi vinavyozibwa na dawa hizi. Soma sentensi hiyo ukiwa na huyu mama mbele yako: kengele yake mwenyewe ya kuishiwa oksijeni ilikuwa imeshafungwa kitambaa. Fentanili maikrogramu 50 zingekuja kupunguza na ile nyingine, ya kaboni dayoksaidi.

Kwa nini uso ulidanganya

Misuli haipoi kwa wakati mmoja. Kiwambo cha kifua, kile msuli mpana wa kuvutia pumzi, hustahimili dawa na hurudi mapema. Misuli ya kuzunguka jicho na ya nyusi hurudi mapema vilevile. Gumba huchelewa. Misuli ya koromeo, inayoshika njia ya hewa wazi na kumeza mate, huchelewa kama gumba au zaidi.

Kwa hiyo mtikisiko wa usoni hujibu swali la mwanzoni mwa upasuaji, je, naweza kuweka mrija, vizuri kuliko gumba. Swali la mwisho, je, naweza kuutoa, hulijibu vibaya. Mililita 380 nazo zilitoka kwenye kiwambo na hazikusema lolote juu ya koromeo. Mtu aliyeunganishwa na mrija hana haja ya koromeo. Mrija unalifanyia kazi yake. Siku ya kulihitaji ni sekunde ile mrija unapotoka.

Juu ya hapo kuna jicho lenyewe. Hata kwenye gumba, mtu mzoefu anayetazama au kugusa hawezi kuutambua ufifiaji uwiano ukishapita 0.4 hivi. Kuanzia 0.4 hadi 0.9 ni eneo lote ambalo mgonjwa ana hatari na mtaalamu anaona mitikisiko minne mizuri. Kuna namna ya kupiga mafungu mawili mafupi ya misukumo ya haraka inayosaidia mpaka karibu 0.6 au 0.7, kisha nayo inafika mwisho. Vipimo vya kitandani havina afadhali. Kunyanyua kichwa sekunde tano, ambako vizazi vya wataalamu vimekuwa vikikutegemea, watu wengi hukumudu wakiwa hata hawajafika 0.7. Kipimo cha kung'ata kijiti kati ya meno ya mbele kina ukali zaidi, ila jaribu kumfanyia mtu mwenye mrija mdomoni.

Chini ya haya yote kuna ukweli mmoja wa mwili ambao ukiuelewa mengine hayakushangazi. Kiungo cha neva na msuli kina akiba kubwa mno. Vipokezi karibu asilimia 70 hadi 75 sharti vizibwe kabla mtikisiko haujaanza kupungua, na asilimia 90 na ushee ili upotee. Mtu anaweza kuwa na robo tatu ya vipokezi vyake vimeshikwa na dawa na asionyeshe kitu kwenye kichocheo cha kawaida.

Kwa nini saa ilidanganya

Dakika 35 tangu miligramu 10 za mwisho. Vitabu husema dozi moja ya kuwekea mrija hudumu dakika 30 hadi 40, na nyongeza ndogo kama hiyo hudumu pungufu. Kwa mtu wa wastani. Huyu alianza na miligramu 50, akaongezwa 20, katika mwili wa kilo 58 na miaka 64, ambapo ini huisafisha rokuroniamu polepole kuliko ujanani. Sevofluraini huongeza nguvu ya dawa hizi. Jentamaisini huongeza. Baridi huongeza, na 35.2 ni baridi. Angekuwa amepewa magnesiamu salfeti ingekuwa zaidi. Hakuna hata moja kati ya haya lingetosha peke yake kumlegeza chumba cha uangalizi, na hakuna anayeweza kuyajumlisha kichwani akapata jibu.

Mwaka 2003 Debaene na wenzake huko Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 526 waliopewa dozi moja tu ya kuwekea mrija, bila nyongeza na bila dawa ya kuondoa ulegevu. Waliopimwa saa mbili au zaidi baada ya dozi hiyo, asilimia 37 walikuwa chini ya 0.9. Saa mbili! Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2015 ulikuta asilimia 63.5 wako chini ya 0.9 mrija unapotolewa, wataalamu wao wakiwa wanaendelea na kazi zao za kila siku. Nikisikia mtu anasema hajawahi kuona ulegevu uliobaki katika kazi yake yote, najua ana mashine ya aina gani, au hana.

Zile dakika nne

Hapa ndipo ningeweka kidole, kuliko kwenye ile rokuroniamu ya ziada. Neostigmini huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Asetilikolini inarundikana na kushindana na rokuroniamu kwenye vipokezi. Rokuroniamu yenyewe haijaenda popote. Na kimeng'enya kikishazuiwa chote, dozi zaidi haina cha kuzuia: dawa ina dari. Kwa hiyo huwezi kuitumia kuvuta mtu kutoka ulegevu mzito. Inafaa kumalizia safari ambayo mwili umeshaifanya sehemu kubwa. Mwongozo wa mwaka 2023 wa chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani unaiweka mahali pake, pale ulegevu ulipobaki kidogo, uwiano ukiwa 0.4 hadi chini ya 0.9 kwenye gumba, na hapo pia inahitaji muda, dakika kumi na si nne.

Gumba la huyu mama lilikuwa wapi ukope wake uliporuka mara nne? Hatujui, halikupimwa. Tukidhani lilikuwa na mitikisiko miwili, jambo linalowezekana kabisa, basi tuna takwimu za kulinganisha: katika jaribio la Ulaya la wagonjwa waliolazwa kwa sevofluraini na rokuroniamu, waliopewa neostigmini mtikisiko wa pili uliporudi walifika 0.9 kwa wastani wa zaidi ya dakika 18, na wengine walichukua muda mrefu zaidi ya huo. Waliopewa sugamadeksi, dawa nyingine ya kuondoa ulegevu, kama dakika moja na nusu.

Mrija ulitolewa dawa ikiwa haijafika hata kileleni kwake. Tena ajabu ni kwamba kungoja kungekuwa rahisi. Tumbo limeshonwa, mpasuaji anaandika maelezo yake, gesi inatoka. Kilichosukuma mkono ni mgonjwa aliyekohoa, na ratiba.

Walichofanya

Kwanza, walimwambia. Mtaalamu aliyekuja aliinama sikioni: dawa iliyolegeza misuli bado ipo, unasikia na tunajua unasikia, tunakusaidia kupumua, itaisha ndani ya dakika chache. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo huachwa. Ripoti ya kitaifa ya Uingereza na Ireland ya mwaka 2014 kuhusu watu waliojikuta macho chini ya nusukaputi ilikuta taarifa hizo kama 1 kwa 8,000 pale dawa za kulegeza misuli zilipotumika, na kama 1 kwa 136,000 pale zisipotumika. Kuna watu waliobaki na jinamizi kwa dakika chache walizokuwa macho wamelegea, na jambo linalowaumiza zaidi ni kutokujua kinachowapata.

Kitanda kikainuliwa upande wa kichwa, mate yakafyonzwa, taya likasukumwa mbele, oksijeni ikapandishwa asilimia 100 kwa barakoa iliyokaza yenye shinikizo la kuendelea. Kiwango kikapanda hadi 95.

Kisha sugamadeksi. Molekuli hii ni pete ya sukari inayoimeza rokuroniamu ikiwa ndani ya damu, nzima, na kutoka nayo kupitia figo. Haihusiani na asetilikolini hata kidogo, kwa hiyo haihitaji atropini. Kwa ulegevu wa kiwango cha kwake, miligramu 2 kwa kilo, kama 116, zinatosha. Walimpa kichupa kizima cha 200. Mtu angesema ni ile tabia ya kichupa kizima tena, lakini hapa sina neno. Kukosea upande wa juu kwa dawa hii hakumdhuru huyu, na kukosea upande wa chini kungeweza kumrudisha kwenye ulegevu. Dakika ya pili uwiano ulikuwa 0.91, ya nne 0.99. Akameza. Akavuta pumzi moja ndefu ambayo kila mtu pale aliisikia. Maneno yake ya kwanza yalikuwa ya hasira, na kwa haki: "Nimewaita mpaka nimechoka."

Sugamadeksi ina mambo yake. Imekusudiwa rokuroniamu na ndugu yake vekuroniamu. Kama angepewa atrakuriamu, dawa ya kulegeza ya ukoo mwingine, ingekuwa maji tu. Huleta mzio mkali mara chache, na moyo kwenda polepole mara chache. Kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, kinga ya ziada kwa siku saba, na hilo lazima mtu amwambie kabla hajaondoka. Na ikiwa mgonjwa atarudi mezani siku ile ile kwa dharura, rokuroniamu huenda isimlegeze inavyotarajiwa. Inachukuliwa dawa ya ukoo mwingine.

Na kama sugamadeksi haipo kwenye kabati? Hapo kisa kinakuwa kirefu, lakini hakipotei. Alikuwa ameshapata neostigmini 2.5, yaani kama miligramu 0.043 kwa kilo. Dari ni 0.07, na kwa hali yoyote si zaidi ya miligramu 5 kwa jumla. Nafasi iliyobaki kwake ni kama miligramu 1.5. Uwiano wa 0.48 uko kwenye eneo ambalo neostigmini inajua kazi yake, kwa hiyo ningeichoma pamoja na glaikopirolati, inayofanya kazi ya atropini, nimpashe joto kwa blanketi la hewa moto, nimsaidie kwa barakoa, na ningoje dakika kumi nikiwa nimeshika taya, sijaenda kokote. Kaboni dayoksaidi ikibaki juu nayo ni tatizo, kwa kuwa tindikali kwenye damu huinyima neostigmini nguvu. Nikishindwa kulinda njia ya hewa, mrija unarudi, na unarudi kwa dawa ya usingizi kwanza. Asiwekewe mrija akiwa macho eti kwa kuwa hawezi kupinga.

Mabishano yaliyofuata

Kwenye kikao cha kujadili kisa hiki, mtaalamu mmoja alisema tatizo ni dozi ya mwanzo. Mwingine akasema ni ukosefu wa sugamadeksi kwa kila mgonjwa: wangempa kila mtu 2 kwa kilo, habari imekwisha. Hoja ya pili ina ushawishi na ndiyo inayonitia wasiwasi. Kwa mtu ambaye bado yuko kwenye ulegevu mzito, pale gumba halijibu kitu mpaka lichochewe kwa mfululizo wa haraka kwanza, dozi inayotakiwa ni 4 kwa kilo. Ukichoma 2 bila kupima, unaweza kumpata yule yule mama, na sasa una uhakika wa uongo zaidi kuliko mwanzo. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2019, wagonjwa zaidi ya 22,000, haukuona kwamba kutumia kichocheo au dawa ya kuondoa ulegevu kulipunguza matatizo ya mapafu. Wengine waliusoma kana kwamba kupima hakuna maana. Mimi nausoma hivi: kumiliki mashine si kufika 0.9, na kuchoma dawa ya kuondoa ulegevu si kuondoa ulegevu. Mama wetu alipimwa, tena kwa kichocheo. Alipewa dawa, tena kwa kipimo kinachokubalika. Angehesabiwa upande wa waliotendewa vyema.

Nayo historia ina ucheshi wake wa uchungu. Madaktari Griffith na Johnson walimpa mgonjwa kurare, babu wa dawa hizi za kulegeza, kwenye chumba cha upasuaji Montreal tarehe 23 Januari 1942, upasuaji wa tumbo ukabadilika moja kwa moja. Miaka kumi na miwili tu baadaye, Beecher na Todd walichapisha hesabu za hospitali kumi za Marekani, nusukaputi karibu 600,000: kifo kilichohusishwa na usingizi kilikuwa 1 kwa 2,100 bila dawa za kulegeza, na 1 kwa 370 zikitumika. Walibishiwa sana juu ya sababu. Lakini wazo kwamba dawa hizi zinataka kuangaliwa kuliko nyingine lina umri wa kutosha kustaafu.

Ile hoja ya mikono iliyofungwa ilijadiliwa kwa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo palipopatikana kitu. Mashine zinazopima mwendo wa gumba zinahitaji gumba liwe huru. Zile zinazosoma umeme wa msuli wenyewe hazihitaji. Mkono ukiwa ndani ya shuka zinafanya kazi. Asiye nayo anaweza kutumia mguu, nyuma ya kifundo cha ndani, akitazama kidole kikubwa. Na hata asiye na hiyo, shuka hufunguliwa upasuaji ukiisha: hamisha elektrodi kutoka usoni kwenda mkononi kabla ya kugusa neostigmini. Inachukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii.

Fomu ya kukabidhi mgonjwa ilikuwa na visanduku viwili kwenye mstari wa dawa za kulegeza misuli: imetumika, imeondolewa. Vyote viwili vilikuwa na tiki siku ile. Mahali pake sasa pana nafasi tatu za kuandika kwa kalamu: uwiano, umepimwa wapi, saa ngapi. Muuguzi wa chumba cha uangalizi ana ruhusa ya kumkataa mgonjwa mlangoni ikiwa ya kwanza ni tupu au iko chini ya 0.9, na mashine moja ya kupima gumba imekaa kwenye rafu yake yeye, si ya wataalamu.